Nyumba ya Shosho Wahu Iliyopenda Kutembea

Watu wangu, wengine mnaibiwa simu. Mimi niliibiwa nyumba.

Sisemi vitu vya ndani. Nasema nyumba yenyewe, pamoja na mlango na kufuli lake.

Tuliijenga Jumamosi. Tukaipiga picha, tukaimba wimbo wa shukrani, tukashikana mikono, tukaenda zetu. Jumatatu nikapita pale kuchukua nyundo niliyoisahau, nikakuta uwanja mtupu. Umefagiwa vizuri. Kuku wawili wanadonoa mahali ambapo kitanda kilitakiwa kuwa.

Umefagiwa! Sasa niambie, mwizi gani huyo anaiba nyumba halafu anashika ufagio?

Wacha nianze mwanzo, maana naona mmeshaanza kunitilia shaka.

Mimi naitwa Kasiva. Nauza viatu vya mitumba karibu na Adams Arcade, na yeyote aliyewahi kununua kwangu atakuambia mdomo huu haujui likizo. Mwaka ule mvua kubwa iliponyesha na mito ya Nairobi ikaamua kuingia kwa watu bila hodi, kanisa letu lilitangaza kwamba linatafuta watu wa kujitolea kuwajengea waliobomolewa. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu.

Msinisifu bado. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi, na kila Jumamosi alikuwa ananifundisha upya kupika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, chakula nilichopika tangu nikiwa msichana mdogo. Kubeba mawe mtoni kulikuwa ni mapumziko.

Mradi uliitwa Rudi Nyumbani. Pesa zilitoka ng'ambo, na mkubwa wake hapa alikuwa Madam Debra Kuria, mama wa mtaa wa matajiri wa Karen, mwenye ofisi mjini na gambuti za mvua zenye maua ya waridi. Nitamtania sana humu ndani, kwa hivyo niseme mapema: ni mtu wa roho safi. Alikuwa anachimba na sisi, anakula chapati na sisi, na matope hayakumtisha.

Shida yake ilikuwa moja tu. Picha.

Wafadhili walitaka picha mbili kwa kila nyumba. Ya kwanza inaitwa "kabla", ya pili "baada". Na zote zipigwe mahali pamoja, jiwe lilelile upande wa kushoto, mgomba uleule upande wa kulia. Ndiyo kusema nyumba lazima isimame palepale ilipobomokea. Ukiisogeza, picha hazifanani, na mfadhili anasema hiyo si nyumba aliyoilipia.

Mimi nikakabidhiwa ufunguo wa stoo. Mabati yote, mbao zote, misumari yote, chini ya Kasiva. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotaka kunifunga.

Mtu wetu wa kwanza alikuwa Shosho Wahu, kule Kabiria, Riruta, chini kabisa mtoni. Shosho ni bibi, na huyu alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu anayekaribia kucheka msibani. Usiku mto ulipofurika, yeye ndiye aliyezunguka akigonga milango na sufuria kuamsha majirani. Wote walitoka hai. Nyumba zao hazikutoka.

Siku tuliyofika, alimwita Madam Debra kando.

"Debra wa mama, hii nyumba jengeni huko juu, nyuma ya duka ya Mabruka. Amenipatia mahali."

"Shosho, sisi tunakurudisha kwako. Hapa ndio nyumbani."

"Hapa ndio mto."

Tukacheka wote. Tulidhani anatutania.

Madam Debra akamweleza mambo ya picha, polepole na kwa heshima. Akamalizia kwamba tukijenga kwingine, karatasi za mradi zitakataa, na ile nyumba itabidi impite iende kwa mtu wa mtaa mwingine.

Shosho akatazama maji. Akatutazama sisi na makofia yetu mapya.

"Sawa," akasema. "Jengeni."

Tukajenga. Chumba kimoja cha mabati, kizuri, kimenyooka. Fundi wetu alikuwa Maina, kijana wa palepale Kabiria, mtu wa maneno machache na kipimo kizuri. Tukapiga picha ya "baada".

Kilichofuata mnakijua. Kuku wawili na uwanja uliofagiwa.

Nilimpata Shosho ameketi juu ya ndoo, anachambua mboga.

"Shosho! Nyumba iko wapi?"

"Ngai! Na mimi si nilikuwa nataka kukuuliza wewe?"

"Lakini wewe si ulilala ndani?"

"Nililala kwa Mabruka. Rangi ilikuwa inanuka." Akapuliza jani la mboga. "Hii Nairobi imeharibika, mwanangu. Watu wanaiba mpaka nyumba."

Alisema kwa huzuni nyingi sana. Nikamkumbatia. Ndiyo, mimi Kasiva, ambaye siwezi kuuziwa kiatu cha kushonwa nikaambiwa ni kipya, nilimkumbatia yule mama nikamwambia pole.

Jumamosi iliyofuata tukajenga ya pili, palepale. Madam Debra alisema shetani hatatushinda.

Shetani alitushinda. Jumatatu, uwanja. Safari hii hata wale kuku walinitazama kama mtu aliyechelewa.

Hapo maneno yakaanza. Kanisani nikipita, watu wanashusha sauti. Dada mmoja wa kwaya akaniambia, huku anatabasamu, "Kasiva, siku za mwizi ni arobaini, eh?" Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema ni methali tu. Mama mkwe naye akauliza kwa upole kama kule kwetu tunajenga, maana amesikia nina mabati.

Nikaitwa mjini.

Ofisi ya Madam Debra iko katikati ya jiji, juu kwenye ghorofa, zulia mpaka kwenye lifti. Nilikaa kwenye kiti kinachozunguka, nikawa nazunguka bila kutaka.

"Kasiva, nakuuliza kama dada. Kuna mtu unamjua anauza mabati?"

"Madam!"

"Ufunguo wa stoo uko na wewe. Ratiba unaijua wewe. Wafadhili wameniuliza, na mimi sina jibu."

"Mimi niibe nyumba nizipeleke wapi? Kwa mfuko wa viatu?"

Hakucheka. Alivua miwani, na nikaona kweli hajalala vizuri.

"Sikia. Tunajenga ya tatu, na hiyo ni ya mwisho. Jumamosi ya pili yake nitakuja na mpiga picha na kamera ya video tukate utepe. Nyumba ikikosekana siku hiyo, naandikisha ripoti polisi, na jina la kwanza watakalouliza ni la mwenye ufunguo. Sitaweza kukuficha. Na mradi nao utafungwa."

Nilishuka na ngazi. Lifti niliisahau.

Nataka niseme ukweli, niliogopa. Mimi si mtu wa kuogopa, lakini jina la mwizi Nairobi halikuambii subiri ujieleze. Nina watoto wawili wanaosoma. Nina wateja wanaoniachia viatu vyao niwapelekee fundi. Jina langu ndilo duka langu.

Basi tukajenga ya tatu. Na mimi nikaapa huyo mwizi nitamjua kwa sura.

Nilikaa nikawaza. Nyumba ya kwanza ilionekana Jumamosi jioni, ikapotea kabla ya Jumatatu. Ya pili vilevile. Katikati kuna nini? Jumapili. Na Jumapili sisi wote wa Rudi Nyumbani tuko wapi? Kanisani, tunaombea ile nyumba isiibwe.

Aliyekuwa anatuibia alikuwa anajua ratiba yetu ya maombi!

Jumapili hiyo nikamwambia mume wangu tumbo linanikata. Mama mkwe akasema nimekula muthokoi wangu mwenyewe, ndiyo sababu. Nikavumilia. Walipotoka na Biblia zao, nikajifunga leso kichwani kama mgonjwa wa kweli, nikaelekea Kabiria.

Nikakaa kwenye kibanda cha chapati kinachoangalia mto. Nyumba ilikuwepo, inameta. Makanisa ya Riruta yote yakaanza, moja linaimba, lingine linakemea, spika kila upande. Nikaagiza chapati ya pili.

Ndipo nikawaona.

Wanateremka mchana kweupe, jua limewaka. Mbele ni Mabruka, mama wa duka, ameshika birika kubwa la chai. Nyuma yake mumewe Taib na wanaume wa msikitini, mikono ya kanzu imekunjwa. Na katikati yao, amebeba spana mbili, fundi wetu Maina!

Maina! Aliyetoa ushuhuda kwenye maombi ya Jumatano!

Wakaizunguka nyumba. Maina akalegeza hapa, akalegeza pale. Ukuta mzima ukatoka kama mlango wa kabati. Sikuona msumari hata mmoja. Kumbe sisi tulikuwa tunapigilia misumari ya mapambo, na yeye nyuma yetu anafunga kwa bolti.

Nikatupa chapati. Nikatoka mbio nikipiga mayowe, "Wezi! Wezi! Nimewashika!"

Hakuna aliyekimbia. Hata mmoja.

Taib akanitazama, akamtazama mkewe, akasema, "Amekuja kabla chai haijamiminwa."

Mabruka akatabasamu. Yeye ni mtu wa Lamu, na Kiswahili chake kinakufanya ujione umeingia msikitini na viatu. "Mwanangu, wezi wa wapi hao, wafanyao kazi jua la utosi na birika la chai? Kaa kitako upumue, wahema kama mtu aliyefukuzwa na ng'ombe."

"Mama Mabruka, mnaiba nyumba ya Shosho Wahu!"

"Nani anaibiwa?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nikageuka. Shosho Wahu mwenyewe, ametoka ibada ya asubuhi, kitambaa cha kanisa bado kichwani. Na mkononi, ufagio.

Shosho akaniangalia, akaona sina tena cha kudanganywa nacho, akaketi juu ya jiwe lile la picha.

"Nilimwambia Debra ajenge juu. Alikataa. Ningekataa nyumba, ingeenda. Nikasema wacha wajenge pahali wanapenda, halafu sisi tuipeleke pahali inafaa."

"Na zile mbili za kwanza?"

"Kuja."

Tukapanda nyuma ya duka la Mabruka. Uwanja mpana, umeinuka, umezungushiwa ukuta. Na pale ndani, watu wangu, zimesimama nyumba zangu zote mbili. Nilitaka kuzikumbatia. Kwenye ya kwanza kuna mama mwenye mapacha, wale wadogo kabisa, amewalaza mlangoni wanaota jua. Kwenye ya pili, mzee kipofu anasikiliza redio.

"Hao walikuwa wanalala nje," Shosho akasema. "Mimi nalala kwa stoo ya Mabruka, kwa unga. Ningeingia aje kwa nyumba na huyu analala na watoto chini ya turubai?"

"Kwa nini hamkuwaandikisha?"

"Waliandikishwa. Hakuna mtu alipiga picha ya nyumba yao ya zamani. Bila 'kabla' hakuna 'baada'. Ya kwangu ilikuwa na picha, mtoto wa kanisa aliipiga Krismasi. Basi tukasema, wacha hii picha moja ijenge nyumba tatu."

Taib akaeleza mpango wenyewe, na ungemsikia ungedhani anasimulia harusi. Ijumaa yeye na wenzake wakienda msikitini, Shosho huwashikia duka. Jumapili Wakristo wakiwa kanisani, wao huwashikia nyumba. Maina peke yake ndiye hukosa ibada, na amemwambia mchungaji anahudumia wagonjwa.

Nilitaka kukasirika. Naapa nilitaka. Lakini mmoja wa wale mapacha alipiga chafya, na hasira ikaniponyoka.

Halafu nikakumbuka polisi.

"Hapana. Hapana! Hii ya tatu haiendi popote. Jumamosi Madam anakuja na kamera. Akikosa nyumba mimi nalala seli."

"Na mvua?" Shosho akauliza. "Wamesema kwa redio inarudi wiki hii. Mvua inangoja Jumamosi yako?"

"Shosho, ni jina langu!"

"Na hizo ni mbao zangu."

Tukatazamana kama majogoo. Mwishowe Mabruka akanitia kikombe cha chai mkononi, ile chai ya tangawizi, akasema, "Nyumba imeshajua njia. Kupanda ipande leo. Jumamosi asubuhi iteremke, ikatiwe utepe, halafu ipande tena. Kuna tatizo gani?"

Hakukuwa na tatizo. Ndiyo maana niliogopa zaidi.

Wakamaliza chai. Nikaona kila mtu ameshika kitu isipokuwa mimi. Maina akaninyooshea kona ya ukuta. Nikashika. Siku hiyo mimi, niliyekuja kumkamata mwizi, nikapanda kilima nimebeba mali ya wizi, huku spika za kanisa moja zikihubiri amri ya nane, usiibe.

Wiki ikapita, mawingu yanajaa yanaondoka. Jumamosi ikafika.

Utepe ulikuwa wa saa nne. Tulikubaliana kuteremsha mapema, vipande vipande, Maina afunge bolti zake kwa raha. Lakini Maina akachelewa, spana moja ikapotelea kwa unga wa Mabruka, na Taib akasema kwa nini tujisumbue kuifungua, tuko watu wengi, tuinyanyue nzima.

Nikasema hiyo ni akili ya Lamu, huko wanabeba majahazi. Wakanyanyua. Na mimi nikashika kona yangu, maana jina ni langu.

Nyumba ikaanza kuteremka kilima, na miguu ya watu inaonekana kwa chini. Mlango unapiga pa, pa, pa. Watoto wanapiga kelele. Mama wa mapacha anaelekeza kama askari wa trafiki. Nilianza kufurahi hata.

Tukapinda kona ya mwisho. Mbele yetu kumesimama gari jeupe. Na mbele ya gari, gambuti za maua ya waridi.

Madam Debra alikuwa amekuja mapema.

Alikuwa na mpiga picha, na kijana wa kamera ya video, na utepe mwekundu mkononi. Anaangalia nyumba inayomjia kwa miguu arobaini.

Nyumba ikasimama, inahema.

"Kasiva," akasema, taratibu sana. "Hiyo ni nini?"

Nilifungua mdomo. Nimewaambia mdomo wangu haujui likizo. Siku hiyo ulikwenda likizo.

Kutoka ndani ya nyumba, maana Shosho alikuwa anatembea ndani akishikilia nguzo ya katikati, mlango ukafunguka. Shosho Wahu akachungulia.

"Debra! Umefika wakati mzuri! Tulikuwa tumesema Debra akikosa kuona hii atatusamehe kweli?"

"Kuona nini, Shosho?"

Shosho akatoka, akajifuta mikono, akashangaa. Alishangaa vizuri kuliko msanii yeyote wa televisheni.

"Si kutembeza nyumba! Nyumba mpya inatembezwa kwa majirani kwanza, iwasalimie. Ndio ikifika kwake isikuwe mgeni. Wee Debra, si wewe ni mtu wa huku kwetu? Si unajua?"

Mimi niliangalia chini. Nilijua tumekwisha.

Lakini kuna jambo moja nimejifunza kuuza viatu kwa watu wa kila aina. Mama wa Karen anaweza kukubali hajui kupika, hajui kushona, hajui hata njia ya kwenda kwao. Lakini umwambie mbele ya kamera kwamba hajui mila za kwao? Heri umwambie amezeeka.

Madam Debra akageuka nyuma. Kamera ya video ilikuwa imewaka.

"Eh, kabisa," akasema. "Kabisa! Hata kwetu. Cucu yangu, mama ya baba, alikuwa ananiambia. Nyumba ilikuwa inatembezwa sana."

Watu wangu, nilikaribia kuangusha kona.

"Sasa mbona umesimama huko?" Shosho akamwambia. "Shika!"

Na akashika. Mama wa Karen, na pete zake na gambuti zake, akaja upande wangu tukabeba kona moja. Shosho akaanzisha wimbo alioutunga papo hapo, Taib akaitikia kwa lafudhi ya Lamu, na kila mtu akaimba kama alizaliwa nao. Tukateremka mpaka mtoni tukicheza. Madam Debra alikuwa anacheka mpaka machozi, na aliponiangalia akasema, "Kasiva, nisamehe. Nilikuwaza vibaya." Nikaona aibu, nikamwambia hakuna shida.

Utepe ukakatwa. "Baada" ikapigwa, jiwe kushoto, mgomba kulia. Gari likaondoka.

Chai ilipokwisha, nyumba ikapanda kilima.

Mvua ilikuja Jumatano usiku, na haikuwa mvua ya mchezo. Asubuhi nilikimbia Kabiria kabla hata ya kupanga viatu vyangu vya kuuza. Nilipofika mtoni nilisimama mbali. Lile jiwe la picha halikuonekana. Mgomba haukuonekana. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita pale tulipokata utepe, yamebeba matawi na mlango wa mtu.

Na pale ukingoni, amepiga magoti matopeni, miguu mitupu, alikuwa Madam Debra.

Alikuwa ameendesha kutoka Karen kwenye mafuriko. Gambuti moja ilikuwa imebaki nyuma njiani imesimama peke yake. Anaita, "Shosho! Shosho Wahu!" kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Aliponiona akanishika mikono. "Nimemuua, Kasiva. Aliniambia hapa ni mto. Aliniambia, na mimi nikacheka."

Utani wote ulinitoka. Ningemwambia taratibu, lakini sikuweza hata kupanga maneno. Nikamshika kiwiko nikamvuta kilimani. Anajikwaa, analia, hajui tunaenda wapi.

Tukaingia uwanja wa nyuma ya duka. Nyumba tatu, zimekauka. Mzee na redio yake. Mapacha. Na kwenye mlango wa nyumba ya tatu, Shosho Wahu, amejifunika shuka, anachovya mkate kwenye chai.

"Debra," akasema. "Uko bila viatu. Kuja ukae."

Madam Debra alikaa chini kabisa, pale mlangoni. Aliangalia nyumba ya kwanza. Ya pili. Hii. Nikaona anazihesabu, halafu nikaona anaelewa. Nikajiandaa kufukuzwa.

"Ile mila," akasema mwishowe. "Ya kutembeza."

"Hakuna mila," Shosho akajibu. "Tulikuwa tunakudanganya."

Hapo ndipo alipoangua kilio, ama kicheko, mimi sikujua ni kipi na nadhani hata yeye hakujua. Akaweka kichwa kwenye mapaja ya Shosho. Shosho akampapasa nywele kwa mkono wenye makombo ya mkate.

"Mngeniambia," Madam Debra akasema.

"Tulikuambia. Wewe ulikuwa unaangalia pahali pa kusimamisha kamera."

Sijawahi kuona neno likimwingia mtu hivyo. Hakujitetea. Mabruka akamletea chai na kandambili za dukani, na tukakaa sote tukisikiliza mto ukila mahali petu pa picha.

Sasa mtasema hadithi imeisha, Madam alifutwa kazi, mradi ukafungwa. Ngojeni.

Miezi ikapita. Wafadhili wenyewe wakaja kutoka ng'ambo kuona kazi, na tukawapeleka mtaa mwingine wa mtoni, tulikokuwa tunaanza kujenga mbali na maji. Mkubwa wao, mzee mrefu mwekundu, akafungua faili lake, akauliza mbona nyumba za siku hizi picha za "baada" hazina jiwe wala mgomba wa zile za "kabla".

Mimi nikaanza kutafuta njia ya kutokea. Shosho Wahu alikuwa pembeni yangu, tulikuwa tumemleta kama mgeni wa heshima.

Madam Debra akasogea mbele. Uso mkavu, sauti ya kanisani.

"Hiyo ni mila ya hapa," akamwambia. "Nyumba mpya hutembezwa kwanza. Na mwenye nyumba peke yake ndiye husema isimame wapi. Mgeni akiamua mahali, ni laana kubwa. Laana inampata mgeni."

Yule mzee akaandika haraka. Akauliza mila hiyo ni ya tangu lini.

"Tangu mababu," Madam Debra akajibu bila kupepesa jicho. "Video tunayo."

Kisha akamgeukia Shosho Wahu athibitishe. Shosho akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni nyingi sana, ileile aliyonidanganya nayo mimi mara ya kwanza, akasema hata bibi yake aliolewa kwa nyumba iliyotembezwa.

Leo hii ukisoma masharti ya mradi wetu, yapo maneno yanayosema mila ya kutembeza nyumba iheshimiwe. Hakuna anayejengewa mtoni tena. Mama mkwe wangu amesikia, na anasema hata Ukambani walikuwa nayo.

Funzo? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakubali. Lakini mgeni ukifika na mabati yako, funga kwanza kamera, umuulize mwenyeji anataka kuamkia wapi, na akikujibu, usicheke.

Na kama kuna mfadhili amepita hapa akasoma: mila ni mila, bwana. Usichimbe sana.